Wepesi wa Usukani: Historia ya Sifa Moja Yenye Maana Mbili

Utangulizi

Katika maneno ambayo Kiswahili kimeyatoa baharini na kuyapandisha nchi kavu, neno usukani ni miongoni mwa yale yaliyosafiri salama. Asili yake ni Kiarabu, nalo lilitumika katika pwani yetu kwa ule ubao wa nyuma uelekezao chombo, zamani kabla mtu yeyote wa Bagamoyo au Mombasa hajaona gari. Magari yalipofika, wenye lugha hawakungoja kamati. Walikitazama kifaa kipya, wakaona kazi yake ni ile ile ya kuelekeza, wakakipa jina walilokuwa nalo. Ndivyo rubani naye alivyotolewa jahazini akapandishwa katika ndege.

Makala haya hayana ugomvi na jina hilo. Wala hayana ugomvi mkubwa na majina ya vipande vya usukani kama yasemwavyo katika gereji zetu: raki, tairodi, boljointi, steringi boksi. Majina hayo ni ya kukopa, lakini fundi akimtuma kijana dukani kuleta tairodi, kijana hurudi na tairodi. Jina linalomfikisha mtu kwenye kitu kilichokusudiwa limetimiza wajibu wake. Shida yetu iko kwenye sifa, na hasa sifa moja ambayo madereva, mafundi na wauzaji wa magari huitumia kila siku bila kuitilia shaka, yaani sifa ya wepesi.

Kiswahili husema mzigo mwepesi, kwa maana kwamba si mzito. Husema pia mtu mwepesi wa miguu, au mwepesi wa kujibu, kwa maana kwamba hakawii. Katika mambo mengi maana hizi mbili hupatana, kwani mpagazi mwenye mzigo mwepesi ndiye atembeaye upesi. Lakini katika usukani wa gari maana hizo hazipatani. Tangu mwanzo wa magari, usukani usiotaka nguvu ulikuwa ndio unaokawia kugeuza gari, na usukani usiokawia ulikuwa ndio unaotaka nguvu. Kwa hiyo mtu asemapo "usukani wa gari hili ni mwepesi" amesema mambo mawili yanayopingana, na msikilizaji huchagua lile alitakalo.

Jambo hili si mzaha wa wanalugha. Miaka kadhaa iliyopita mzee mmoja wa ukoo wetu alinunua gari dogo kutoka kwa kijana aliyependa kwenda mbio. Mzee alikuwa na maumivu ya mabega, na swali lake la kwanza lilihusu usukani. Kijana akamjibu, "Usukani wake mwepesi sana, mzee wangu, ukiugusa tu gari limeshageuka." Kijana hakusema uwongo: fundi alikuwa amefupisha mikono ya usukani ili gari ligeuke kwa mguso mdogo. Mzee naye hakukosea kufahamu, kwa kuwa alisikia neno mwepesi na akalipokea kwa maana ya mzigo. Jioni ya siku ya pili, akimkwepa mbuzi, alivuta kwa nguvu alizozoea kuvutia gari lake la zamani. Gari likaruka barabara na kutua mtaroni. Mzee alitoka na mkono uliovunjika. Nilipomtembelea aliniambia, "Mwanangu, aliniuzia neno, nami sikuuliza ni neno lipi."

Kutoka kana hadi gurudumu

Manahodha wetu waliijua kanuni hii bila kuiandika. Mti unaoshikwa kuugeuza usukani wa chombo huitwa kana. Kana ndefu humpunguzia mshika usukani uzito wa maji, lakini mkono wake hulazimika kusafiri mbali zaidi. Kana fupi husafirisha mkono kidogo, lakini humchosha. Bahari haitoi vyote viwili kwa pamoja.

Magari ya kwanza yalitumia kifaa kilichofanana na kana. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 lilikuwa na magurudumu matatu tu, na dereva aligeuza lile la mbele kwa mpini mdogo. Sababu mojawapo ya kuwa na gurudumu moja mbele ni kwamba Benz alikuwa hajaridhika na njia yoyote ya kuyageuza mawili. Tatizo lenyewe lilikuwa la zamani. Gari linapopinda, gurudumu la upande wa ndani hufuata duara dogo kuliko la nje, kwa hiyo ni lazima lipinde zaidi. Mtengenezaji wa magari ya farasi wa mjini Munich, Georg Lankensperger, alikuwa amebuni ufumbuzi wa jambo hilo, na mwaka 1818 Rudolph Ackermann aliuandikishia hataza mjini London. Hadi leo ufumbuzi huo huitwa kwa jina la Ackermann, mtu aliyeuandikisha, si kwa jina la aliyeubuni. Benz alipata hataza ya usukani wake wa magurudumu mawili mwaka 1893, na ndipo alipoanza kujenga magari ya magurudumu manne.

Mwaka uliofuata, 1894, katika mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, Mfaransa Alfred Vacheron aliendesha gari la Panhard lililofungwa gurudumu la mkononi badala ya mpini. Mabadiliko hayo yalikuwa na maana kubwa kuliko umbo lake. Mpini husukumwa upande huu au ule mpaka mkono ufike mwisho wake, lakini gurudumu laweza kuzungushwa mara moja, mara mbili, mara tatu. Kwa kuweka meno ya gia kati ya gurudumu la mkononi na magurudumu ya barabarani, mhandisi alipata uhuru wa kuchagua ni mizunguko mingapi ya mkono italeta kiasi gani cha kupinda. Hapo ndipo ulipozaliwa uwiano wa usukani.

Uwiano na hesabu yake

Uwiano wa usukani ni hesabu nyepesi. Chukua nyuzi ambazo dereva amezungusha gurudumu la mkononi, uzigawe kwa nyuzi ambazo magurudumu ya mbele yamepinda. Dereva akizungusha mzunguko mmoja kamili, yaani nyuzi 360, na magurudumu yakapinda nyuzi 20, uwiano ni 18 kwa 1. Ikiwa magurudumu hayo hupinda jumla ya nyuzi 70 kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia, dereva atazungusha nyuzi 1260, ambazo ni mizunguko mitatu na nusu. Uwiano ukipunguzwa kuwa 12 kwa 1, atazungusha nyuzi 840, yaani mizunguko miwili na theluthi moja.

Msomaji ataona kwamba namba kubwa ni usukani unaokawia, na namba ndogo ni usukani usiokawia. Kwa sababu hiyo hata maneno "uwiano wa juu" na "uwiano wa chini" hupotosha, kwani mmoja hufikiria namba na mwingine hufikiria kasi ya gari kujibu.

Katika usukani wa raki, gia ndogo iliyo mwisho wa mti wa usukani hukisukuma kifimbo chenye meno kushoto na kulia, nacho kifimbo huivuta au kuisukuma mikono iliyoshikamana na magurudumu. Tuseme mzunguko mmoja wa gia hukisogeza kifimbo milimita 45, na mkono wa gurudumu una urefu wa milimita 140. Uwiano, usukani ukiwa katikati, utakuwa karibu 19.5 kwa 1. Mkono huo ukifupishwa hadi milimita 112, uwiano utashuka hadi karibu 15.6 kwa 1. Lakini nguvu atakayotaka dereva itaongezeka kwa robo nzima, na mitetemo ya barabara itakayomrudia mikononi itaongezeka kwa kiasi hicho hicho. Hii ni kana ya jahazi ile ile.

Mafundi wa magari ya mbio wametumia njia hizi kwa miaka mingi. Mwaka 1965 kampuni ya Carroll Shelby wa Marekani ilipolichukua gari la Ford Mustang na kulifanya kuwa GT350, mojawapo ya kazi zake ilikuwa kurefusha mkono unaotoka katika steringi boksi pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Kanuni ni hii: mkono unaosukuma ukirefushwa, au mkono unaosukumwa ukifupishwa, gari hujibu kwa mzunguko mdogo zaidi. Njia ya tatu ni kubadili gia ndogo ya raki na kuweka yenye meno mengi zaidi ya ukubwa ule ule, pamoja na kifimbo kinacholingana nayo.

Njia ya nne, ambayo ni rahisi na ya kawaida mitaani, ni kufunga gurudumu dogo la mkononi. Hiyo haibadili uwiano hata kidogo. Gurudumu la sentimita 38 likibadilishwa kwa la sentimita 33, nyuzi za kuzungusha ni zile zile, ila mkono husafiri njia fupi na huvuta kwa nguvu zaidi kwa karibu asilimia 15. Dereva hudhani amebadili usukani, kumbe amefupisha kana.

Nguvu ya kuazima

Kwa zaidi ya nusu karne wahandisi waliishi chini ya sheria hiyo. Wajenzi wa magari makubwa walichagua uwiano wenye namba kubwa ili dereva aweze kuyageuza, na dereva akazungusha kama mtu anayeteka maji kisimani. Wajenzi wa magari madogo na ya mbio walichagua raki yenye namba ndogo, kwa kuwa uzito wa gari uliwaruhusu. Morris Minor ya mwaka 1948 ilikuwa na raki, Jaguar C-type iliyoshinda Le Mans mwaka 1951 ilikuwa na raki, na Mini ya mwaka 1959 vile vile. Katika Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Datsun 240Z iliyoshinda miaka ya 1971 na 1973 ilikuwa na usukani wa namna hiyo. Dereva wa mashindano hayo alihitaji gari linalojibu upesi, lakini alilipa kwa mikono yake, maana kila shimo na kila jiwe lilimrudia viganjani.

Aliyeifungua sheria hiyo ni Mmarekani Francis Davis. Alikuwa amefanya kazi katika kampuni ya Pierce-Arrow, akaona jinsi madereva wa malori walivyotaabika. Mwaka 1926 aliijaribu gari yenye usukani unaosaidiwa na pampu ya mafuta. Viwanda vilisita kwa sababu ya gharama, na ingawa jeshi lilitumia usukani wa aina hiyo katika baadhi ya magari mazito wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, gari la kwanza la abiria kuuzwa nao kwa umma lilikuwa Chrysler Imperial ya mwaka 1951.

Hapa historia ya ufundi na historia ya neno hukutana. Kabla ya mwaka 1951, mtu angeweza kudai kwamba maana mbili za wepesi hazina madhara, kwa sababu hazikuweza kukaa katika gari moja, na kila aliyeendesha alijua hivyo. Nguvu ilipoazimwa kwa pampu, wepesi wa mzigo na wepesi wa kujibu vilitengana, na mhandisi akaweza kuchanganya apendavyo. Chrysler na wenzake wa Marekani walitumia uhuru huo kwanza kwa ajili ya mzigo: usukani ukawa wa kuzungushwa kwa kidole, lakini mizunguko ilibaki mingi. Citroën ya Ufaransa iliutumia kwa njia nyingine. Gari lake la SM, lililotolewa mwaka 1970, lilizungushwa mara mbili tu kutoka mwisho hadi mwisho, na mafuta yenye shinikizo yaliurudisha usukani katikati na kuufanya mgumu zaidi kadiri mwendo ulivyoongezeka. Wengi walioliendesha mara ya kwanza waliyumba barabarani, kwa kuwa mikono yao ilikuwa imezoea lugha nyingine.

Baada ya hapo uwiano wenyewe uliacha kuwa namba moja. Mwaustralia Arthur Bishop alishughulikia kwa miongo mingi meno ya gia ambayo huwa ya upole katikati na ya ukali pembeni. Honda S2000 ya aina ya V, iliyotolewa Japani mwaka 2000, ilibadili uwiano kufuatana na mwendo. BMW ilifanya hivyo mwaka 2003 kwa gia zinazozungukana mfano wa sayari na jua, zikiongozwa na mota ya umeme. Infiniti Q50 ya mwaka 2013 ilipeleka amri ya dereva kwa waya, huku kiungo cha chuma kikiwekwa akiba kwa ajili ya hatari, na katika Cybertruck ya Tesla, iliyoanza kukabidhiwa wanunuzi mwaka 2023, hakuna kabisa kiungo cha chuma kati ya mikono ya dereva na magurudumu. Katika magari ya namna hii uwiano ni uamuzi ulioandikwa katika kompyuta. Fundi wa kesho atabadili usukani bila kushika spana, na maelezo atakayosoma yatakuwa ya maneno matupu. Basi ole wake maneno hayo yakiwa na maana mbili.

Mwitikio si uwiano

Kuna jambo la pili ambalo sifa ya wepesi hulifunika. Uwiano hueleza ni kiasi gani magurudumu yatapinda, lakini hauelezi ni baada ya muda gani gari lenyewe litageuka. Tairi haligeuzi gari kwa sababu limeelekezwa tu. Lazima kwanza mpira ujipinde pale unapogusa barabara, ndipo nguvu ya upande izaliwe. Tairi lenye kuta laini hukawia katika kazi hiyo, na lenye kuta fupi na ngumu hufanya upesi. Mipira ya viungo ikilegea, au raki ikicheza katika vishikio vyake, sehemu ya mzunguko wa dereva hupotea kabla haijafika magurudumuni. Hali hii yote naiita mwitikio wa usukani. Gari laweza kuwa na uwiano mzuri wa 14 kwa 1 na mwitikio mbovu, na anayelalamika kwamba usukani wake si mwepesi huenda hahitaji raki mpya bali mipira mipya yenye bei ndogo.

Isitoshe, anayebadili uwiano bila kujali mengine hujiletea madhara. Mikono ya magurudumu ikifupishwa ovyo, ile tofauti ya kupinda kati ya gurudumu la ndani na la nje huharibika. Tairodi zikiachwa katika kimo kisicholingana na mikono ya springi, magurudumu hujipinda yenyewe kila gari linapopita juu ya tuta. Na fundi anayeupasha mkono wa chuma moto ili aukunje huudhoofisha chuma ambacho maisha ya watu yamekitegemea.

Pendekezo

Kwa hiyo napendekeza tuzigawe sifa hizi, kila moja ibaki na kazi yake.

Kwanza, wepesi na uzito wa usukani viachwe kwa ajili ya nguvu ya mkono peke yake, kama tusemavyo juu ya mzigo.

Pili, kwa ajili ya uwiano tutumie ukali na upole. Usukani mkali ni ule unaopindisha magurudumu sana kwa mzunguko mdogo, na usukani mpole ni ule unaotaka mizunguko mingi. Sifa hizi si ngeni kwa madereva, ambao tayari husema kona kali na breki kali. Tena zina faida ya kumwonya mtu: hakuna mzee atakayesikia kwamba usukani ni mkali akaupokea kama usingizi.

Tatu, mwitikio utumike kwa muda na ukamilifu wa gari kujibu, na uchezaji kwa mzunguko unaopotea bure.

Tuyajaribu maneno haya katika historia tuliyoisimulia, tuone kama yanasimama. Gari la mbio la raki lisilo na pampu lilikuwa na usukani mkali na mzito. Chrysler ya mwaka 1951 ilikuwa na usukani mpole na mwepesi. Citroën SM ilikuwa na usukani mkali na mwepesi. Malori ya zamani yasiyo na pampu, ambayo utingo alilazimika wakati mwingine kumsaidia dereva kuzungusha, yalikuwa na usukani mpole, na juu ya hayo mzito. Hali zote nne zimepata jina, na hakuna moja inayoweza kudhaniwa kuwa nyingine. Kwa neno mwepesi peke yake, Chrysler, Citroën na gari la mbio yangeitwa kwa jina moja.

Yawezekana wasomaji wa jarida hili, hasa walio karibu na gereji na vyuo vya ufundi, wana maneno yaliyo bora kuliko haya, au wamesikia mafundi wakitenganisha maana hizi kwa namna ambayo haijanifikia. Nitafurahi kuyasoma. Kazi ya istilahi imezoea kuanza na vitu, kwa sababu vitu huonekana na huweza kuhesabiwa katika orodha. Lakini kitu kisicho na jina hukopa jina kesho yake, na kazi huendelea. Sifa yenye maana mbili haionekani kupungukiwa na chochote, hivyo hakuna anayeileta mbele ya kamati mpaka gari liwe mtaroni. Mzee wetu amepona mkono wake, na gari bado analo. Siku hizi akimkabidhi mtu ufunguo humwambia kwanza, "Angalia, usukani wake mkali."